Aliyepewa na Asiyepewa

Wazee wa Butiama, Nyamuswa na Majita wanaikumbuka surua ya zamani, ile ya kabla ya mpango wa taifa wa chanjo kuanza mwaka 1975. Iliingia kijijini ikapita nyumba kwa nyumba. Mtoto anawaka homa, anatoka vipele, anakohoa, macho mekundu, hataki mwanga. Wengine walikufa. Wengine homa iliwashuka, vipele vikakauka, kisha siku chache baadaye mama akaona weupe umetanda juu ya mboni. Mtoto aliyekuwa akikimbiza ndama juzi, sasa anapapasa ukuta.

Kila jamii ilikuwa na maelezo yake, na kila jamii ilikuwa na dawa: maji ya majani yaliyopondwa, maziwa ya mama, mahali pengine hata mkojo. Nia ilikuwa njema, maana hakuna mzazi anayetia kitu jichoni mwa mwanawe kwa ubaya. Lakini liko swali moja ambalo kwa karne nyingi hakuna aliyeliuliza sawasawa, si mganga wa kijijini wala daktari wa hospitali ya mjini. Kati ya waliopewa dawa ile na wasiopewa, wangapi walibaki na macho yao?

Wasikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu swali hilo. Tiba ya macho imejengwa nalo, na sehemu muhimu ya majibu yake imetoka hapa hapa Tanzania, katika vijiji vya watu ambao majina yao hayajaandikwa katika kitabu chochote.

Kuuliza namna hiyo hakukuanza jana. Miaka elfu moja iliyopita aliishi Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Misri. Wakati huo wasomi wengi waliofuata mafundisho ya Wayunani waliamini kwamba jicho linatoa miali yake lenyewe, na kwamba miali hiyo ndiyo inayokwenda kugusa vitu. Ibn al-Haytham hakuridhika. Mtu akilitazama jua, jicho linauma. Kwa nini liume kama mwanga unatoka kwake? Akapima, akajaribu katika vyumba vya giza, akaonyesha kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni. Aliwaonya pia wanafunzi wasimwamini mwandishi yeyote wa kale kwa sababu tu ya jina lake. Daktari anayemmulika mgonjwa jichoni leo, Musoma au Muscat, anafanya kazi juu ya msingi huo.

Turudi nyumbani. Katikati ya miaka ya 1970 daktari Mwingereza, Allen Foster, alikwenda kufanya kazi katika Hospitali ya Mvumi, Dodoma, katika nchi ya Wagogo, akakaa karibu miaka 10. Watoto waliletwa kwake wakiwa na vidonda kwenye kioo cha jicho, ile ngozi angavu ya mbele. Kazi ya daktari ni kutibu, naye alitibu. Ila alifanya jambo la ziada: aliandika. Kila mtoto, kila kidonda, kilichotangulia ni nini, alikula nini, alitiwa nini jichoni. Yeye na mwenzake Alfred Sommer walipochapisha taarifa za watoto 130 mwaka 1987, picha ilikuwa wazi. Zaidi ya theluthi moja ya vidonda vilihusiana na surua ya karibuni. Nusu ya watoto vidonda vyao vilitokana na upungufu wa vitamini A. Asilimia 17 vililetwa na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni.

Hapo ndipo fumbo la surua lilipoanza kufunguka. Vitamini A ndiyo inayolinda ngozi laini za mwili zisikauke: ya jicho, ya mapafu, ya utumbo. Mtoto anayekula ugali mweupe siku zote, bila samaki, mboga za majani wala matunda ya rangi, akiba yake huwa ndogo. Dalili ya kwanza ni kutoona vizuri giza linapoingia. Jioni anajikwaa kwenye kigoda alichokiruka mchana. Surua ikimkuta hivyo, mwili unaitumia akiba ile iliyobaki kwa siku chache tu. Kioo cha jicho kinakauka, kinapata kidonda, na kwa mtoto dhaifu kinaweza kuyeyuka kwa siku mbili tatu. Na kwa kuwa ngozi za mapafu na utumbo zimeharibika kwa namna ile ile, mtoto anayepofuka ndiye pia anayekaribia kufa.

Hilo lilikuwa wazo zuri. Lakini wazo zuri si ushahidi, na tiba imejaa mawazo mazuri yaliyoua watu.

Kwa hiyo Mvumi wakafanya jaribio. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa nasibu, bila mtu kuchagua nani aende wapi. Wote walipata matibabu ya kawaida ya hospitali. Watoto 88 waliongezewa vitamini A kwa mdomo, yuniti 200,000 kwa siku, siku mbili mfululizo, 92 hawakuongezewa. Kisha wakahesabu, na matokeo yakachapishwa mwaka huo huo wa 1987. Katika kundi lililopewa walikufa watoto 6. Katika kundi lisilopewa walikufa 12. Kwa wale wa chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kali zaidi: kifo 1 kati ya watoto 46 waliopewa, vifo 7 kati ya 42 wasiopewa.

Inafaa kukaa kidogo juu ya hesabu hizo, maana ndani yake mna uzito. Sita na kumi na mbili ni idadi ndogo, na kwa kundi zima tofauti hiyo ingeweza kuletwa na bahati tu. Waandishi wa utafiti walilisema hilo bila kuficha, wakaonyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka miwili ndipo tofauti ilipovuka mpaka wa bahati. Mtu mwenye haraka ya sifa angetangaza ushindi mzima. Wao waliandika walichokiona, na kiasi walichokiona. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1990, madaktari wa Cape Town walichapisha jaribio la namna hiyo hiyo kwa watoto 189: walikufa 12, na kati yao 10 walikuwa katika kundi ambalo halikupewa vitamini. Mvumi ikathibitishwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba habari hii ilikuwa imeshaonekana zamani. Mwaka 1932 daktari Joseph Ellison wa London aliwapa watoto 300 wenye surua vitamini hiyo kutoka mafuta ya ini la samaki, wengine 300 wasipewe. Waliopewa walikufa 11, wasiopewa 26. Alichapisha, watu wakasoma, kisha wakasahau kwa miaka 50. Ni watoto wangapi wa Mara, wa Kigoma, wa Lamu waliopofuka katika nusu karne hiyo? Maarifa yasipofuatiliwa na kujaribiwa tena hulala kwenye rafu huku ugonjwa unaendelea na safari yake.

Baada ya Mvumi hayakulala. Mwaka huo huo wa 1987 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo kwamba mtoto mwenye surua, katika nchi zenye upungufu, apewe vitamini A. Sommer naye alikuwa ameonyesha huko Aceh, Indonesia, kwamba vitamini hiyo inapunguza vifo hata kwa watoto ambao hawajaugua surua. Vijiji vilivyopewa vilikuwa na vifo pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko vijiji ambavyo havikupewa. Ndiyo maana kila Juni na Desemba, katika zahanati za Butiama, Bunda na Musoma kama kwingineko nchini, muuguzi hukata ncha ya kidonge laini na kumkamulia mtoto mdomoni: cha bluu kwa mwenye miezi 6 hadi 11, chekundu kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano. Mama wengi wanaoishika foleni hiyo hawajui kwamba ushahidi wa mafuta yale ulitokana pia na watoto 180 wa Ugogo. Wanastahili kujua.

Na Mara ina utajiri wake. Dagaa wa ziwani huliwa mzima, kichwa na macho yake, na kwa hiyo ana vitamini A nyingi kuliko mnofu wa samaki mkubwa unaosafirishwa nje. Kuna mchicha, kisamvu, majani ya maboga, maembe na mapapai. Watafiti wa kilimo nao wakajiunga: katika Kanda ya Ziwa mradi wa Marando Bora ulisambaza mbegu bora za viazi vitamu, pamoja na viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Huko Uganda na Msumbiji familia zilizopewa marando ya viazi hivyo zililinganishwa na zisizopewa, na watoto wa kundi la kwanza wakaonekana wanapata vitamini A nyingi zaidi kwenye chakula. Hata kiazi kinaulizwa swali lile lile.

Sayansi lakini haianzi kwenye hesabu. Mara nyingi huanzia masikioni. Mwaka 1941 huko Sydney, Australia, daktari wa macho Norman Gregg alishangaa kuona vichanga wengi mno wanaletwa kwake wakiwa wamezaliwa na mtoto wa jicho. Akina mama wawili walizungumza kwenye chumba cha kusubiri kwamba waliugua rubela walipokuwa na mimba changa. Gregg aliyapa uzito maneno hayo ambayo wengi wangeyapuuza. Akafuatilia vichanga 78. Mama wa vichanga 68 kati ya hao walikuwa wameugua rubela. Wakubwa wengi wa tiba walisita kumwamini, kwa sababu rubela ilionekana ugonjwa mwepesi sana. Leo mtoto wa Tanzania anachanjwa surua na rubela kwa sindano moja, akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na sindano hiyo inawalinda pia watoto ambao bado hawajatungwa mimba.

Sasa twende kwenye vikope, yaani trakoma.

Huu ni ugonjwa wa ukame na vumbi. Vijidudu vinaambukizwa kwa vidole, kwa kanga ya kufutia uso, kwa inzi wanaotua kwenye matongo ya mtoto huyu kisha yule. Maambukizi yakirudiarudia miaka mingi, kope la juu linapata kovu, linajikunja ndani, na nywele zinaanza kukwangua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa wao ndio wanaolea watoto. Huko Kongwa, Dodoma, ilikuwa kawaida kumwona mwanamke ananyofoa kope zake kwa kibano ili apate nafuu ya siku chache.

Kumtafuta mwenye kosa kulichukua muda. Mwaka 1927 Hideyo Noguchi, Mjapani aliyekuwa na jina kubwa Marekani, alitangaza kwamba amekipata kijidudu cha trakoma. Wengine wakajaribu kurudia kazi yake, haikurudika. Jina lake kubwa halikumsaidia. Miaka 30 ikapita. Mwaka 1957 Mchina Tang Feifan akachapisha kwamba amefanikiwa Beijing kukiotesha kijidudu halisi ndani ya mayai ya kuku, na ili asibaki na shaka akakitia jichoni mwake mwenyewe, akaugua. Na dawa za viuavijasumu zinaweza kukipiga.

Ila kuua kijidudu maabara na kukiondoa kijijini ni mambo mawili. Kuanzia miaka ya 1980 timu iliyoongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na Watanzania, ilipiga kambi Kongwa. Walitaka kujua jambo linaloonekana dogo: je, kumwosha mtoto uso kunasaidia? Watu wengi wangesema jibu linajulikana. Wao hawakukubali kulijua bila kulipima. Walizungumza na kina mama, wakagundua kwamba kikwazo ni maji. Yalikuwa mbali, na familia ziliamini kuosha nyuso kunakula maji mengi. Wakakaa nao mikutanoni, wakaonyesha kwa macho kwamba maji kidogo yanatosha nyuso nyingi. Kisha wakachukua vijiji sita, jozi tatu. Vyote sita vilipata dawa ya kupaka machoni kwa siku 30. Katika kila jozi kijiji kimoja kikapata pia kampeni ya usafi wa uso. Watoto 1,417 wakafuatiliwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: vijiji vya kampeni vilikuwa na watoto wengi zaidi wenye nyuso safi, na trakoma kali ilikuwa pungufu kwao.

Utafiti huo wa Kongwa ulisaidia kuusimamisha mkakati ambao dunia nzima inautumia dhidi ya vikope: upasuaji wa kope lililojikunja, dawa kwa kijiji kizima, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo.

Halafu likaja somo gumu zaidi. Ilipatikana dawa ya kumeza, azithromaisini, dozi moja, na kampuni ya Pfizer ikaahidi kuitoa bure; Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea. Katika kijiji kimoja cha Rombo, Kilimanjaro, walitibiwa watu 956 kati ya 978. Kabla ya dawa asilimia 9.5 walikuwa na maambukizi. Baada ya miaka miwili ilibaki asilimia 0.1. Furaha ilikuwa kubwa, na kwa haki. Lakini huko Kongwa, katika kijiji cha Maindi ambako zaidi ya nusu ya watu walikuwa wameambukizwa, dawa ile ile ilishusha maambukizi kwa nguvu, kisha yakaanza kupanda tena kabla ya miaka miwili kutimia. Dawa moja, nchi moja, majibu mawili.

Aliyependa hadithi ya dawa ya miujiza angekumbatia Rombo na kuisahau Maindi. Watafiti walizichapisha zote mbili. Kutokana na hizo ikaeleweka kwamba sehemu yenye ugonjwa mwingi inahitaji dawa mwaka hadi mwaka, na nyuso safi, na maji. Si kampeni ya siku moja yenye picha na hotuba. Nchi zilizofuata mwendo huo kwa uvumilivu zimefika: Ghana ilithibitishwa mwaka 2018 kuwa imeishinda trakoma kama tatizo la afya ya jamii, na Malawi, jirani yetu, mwaka 2022.

Ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao ndio unaowapofusha wazee wengi zaidi nchini, nao una hadithi yake ya kutazama kwa makini. Wakati wa vita kuu ya pili, Harold Ridley wa London aliwatibu marubani waliorukiwa na vipande vya plastiki za vioo vya ndege. Aliona kwamba plastiki ile inakaa jichoni bila kulichochea. Novemba 1949 akatia lenzi ya kwanza ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi, naye akaendelea kuonyesha matokeo yake, mabaya kwa mazuri. Lenzi hizo zilipoanza kutengenezwa India mwaka 1992 katika kiwanda cha Aravind, bei ilianguka, na leo bibi wa Bunda anaweza kuwekewa lenzi na kuvuliwa bandeji kesho yake.

Yapo yaliyobaki ya kufanya, na mengi ni ya kawaida kabisa. Pale Buhemba, wilayani Butiama, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanavunja mawe bila miwani ya kinga. Mashambani watu wanakwaruzwa na majani ya mahindi na miiba ya mkonge. Mkwaruzo mdogo wa jicho unaonekana si kitu. Mtu anasugua, anatia tone alilopewa na jirani, anasubiri Ijumaa ya gulio. Huko Bhaktapur, Nepal, wahudumu wa afya wa vijijini walifuatilia watu 442 waliokwaruzwa kioo cha jicho, wakawapaka kila mmoja malhamu ya kloramfenikoli mara tatu kwa siku kwa siku tatu, wakaandika kila mmoja alifika saa ngapi baada ya kuumia. Waliofika ndani ya saa 18 walikuwa 284, na hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Kati ya 109 waliofika baina ya saa 18 na 24, wanne walipata. Kati ya 49 waliochelewa zaidi ya hapo, 14 walipata.

Basi ombi kwa mchimbaji wa Buhemba, mkulima wa Kiagata na mvuvi wa Mugango ni hili: jicho likikwaruzwa, usitie majani, wala maziwa, wala tone lililobaki la mtu mwingine. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na ukiambiwa uende hospitali ya wilaya au ya rufaa mjini Musoma, usisubiri Jumatatu.